Nyumba kwa Nyumba, Kawangware hadi Kibera

Matatu ya 46 ikikushusha Kawangware asubuhi, kazi ya kwanza ni kutafuta mahali pa kuweka mguu. Viazi vimepangwa juu ya magunia kando ya lami, gorogoro kwa gorogoro, na mama anayekata sukuma wiki anaongea na wateja watatu bila kukitazama kisu. Mikokoteni ya maji inapita katikati ya watu na watu wanaipisha. Kijana mmoja amebeba kipaza sauti akitangaza kwamba ananunua simu mbovu, redio mbovu na betri zilizokufa, na sauti ile iliyorekodiwa inarudiarudia mpaka anapopinda kona ya kwenda Gatina. Hapo Gatina dada yangu ana kibanda cha mboga, na binti yake alikuwa ananisubiri na swali.

Mpwa wangu amemaliza kidato cha nne. Biolojia amepita vizuri, hisabati amepita vizuri, na ukoo umegawanyika. Upande wa baba yake wanataka awe nesi, kwa kuwa wagonjwa hawaishi na kazi haikosi. Upande wetu wanamtaka kwenye kompyuta, kwa kuwa mimi nimekula kwa kompyuta na wanaona sijalala njaa. Aliponipigia simu Mombasa kuniuliza, nilimwambia jambo kama hilo halijibiwi kwa simu. Nikapanda treni ya SGR, nikashuka Syokimau, nikamwambia: tutembee kwanza, tuwaone watu wanaofanya yote mawili kwa pamoja.

Nami nilikuwa na langu moyoni. Kwa miaka mingi nimetengeneza mifumo ya kompyuta ya kampuni za kutoa mizigo bandarini. Ni kazi ya heshima na imesomesha watoto. Lakini kontena likitoka siku mbili mapema kwa sababu ya kazi yangu, sijui ni nani amefurahi. Nilitaka kuwaona kwa macho yangu watu ambao ufundi wao unaishia kwa mtu mwenye jina.

Tulianzia pale mpwa wangu anapofanya kibarua tangu amalize mtihani, kwenye saiba yenye kompyuta chache na printa moja. Mtu wa mbali anaweza kudhani saiba zilikufa pale simu zilipopatikana kwa bei nafuu. Kawangware zimejaa, na sababu ni kwamba serikali nzima imehamia mtandaoni. Mwezi Juni 2023 huduma zaidi ya 5,000 za serikali ziliwekwa ndani ya tovuti ya eCitizen: cheti cha tabia njema, leseni, pasipoti, karatasi za biashara. Asiye na simu ya kisasa, au aliye nayo lakini anaogopa kubonyeza vibaya na pesa zipotee, huja saiba. Anayeketi nyuma ya meza ile ndiye amekuwa karani wa serikali kwa mtaa mzima, bila cheo na bila mshahara wa serikali.

Shosho mmoja aliingia, kitambulisho chake amekifunga ndani ya kitambaa. Alitaka kuandikishwa kwenye SHA, ile Mamlaka ya Afya ya Jamii iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, baada ya NHIF kuwapo tangu 1966. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 na mambo yakaisha. Asiye na mshahara hupigiwa hesabu kwa kuulizwa maswali juu ya maisha ya nyumbani kwake, kisha mfumo unatoa kiwango chake, ambacho hakishuki chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na anatakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo. Kwa hiyo jibu moja likiandikwa vibaya, shosho ataligharimia mwaka mzima.

"Shosho, nyumba ni ya mawe ama ya mabati?"

"Mabati, mtoto wangu."

"Na choo, kiko ndani?"

"Choo ni cha ploti nzima."

"Unapikia nini?"

"Makaa. Gesi ikipatikana, gesi."

Kwenye skrini hapakuwa na mahali pa kuandika "ikipatikana". Mpwa wangu hakuchagua kwa niaba yake. Alimsomea majibu yote yaliyokuwapo, polepole, akamweleza kila moja maana yake, akamwachia shosho mwenyewe aamue. Nyuma yetu foleni ilikuwa imeanza kuguna. Yeye hakugeuka.

Kisha ujumbe wa kuthibitisha ukatumwa kwenye laini ambayo shosho aliipoteza zamani. Njia ya mkato ipo na wengi huitumia: mhudumu anaandika namba yake mwenyewe, fomu inapita, mteja anaenda nyumbani ameridhika. Siku atakapofika hospitali, ujumbe unaingia kwenye simu ya mtu asiyekuwepo. Mpwa wangu alimwonyesha shosho wakala wa laini ng'ambo ya barabara, akamwambia akarudishe laini yake kwanza na nafasi yake kwenye foleni haitapotea. Pia ana ubishi na mwenye saiba juu ya daftari. Saiba nyingi huweka daftari lenye nywila za wateja, kwa sababu wateja husahau, na daftari hilo hukaa wazi mezani. Yeye humwandikia mteja nywila kwenye kipande cha karatasi na kumwambia akaifiche nyumbani pamoja na vyeti. Hakuna aliyemfundisha hayo. Nilipomwona akifanya hivyo nilijua kwamba nusu ya swali lake alikuwa amekwisha kulijibu bila kujua.

Baada ya chakula cha mchana tulifuatana na jirani yao, mhamasishaji wa afya ya jamii. Tuliomba ruhusa kwake, naye aliomba ruhusa katika kila nyumba kabla hatujavuka kizingiti, na palipokuwa na la siri tulibaki nje kwenye korido tukitazama nguo zilizoanikwa. Hodi yake ni ya mtu anayejulikana: anaita jina la mtoto, si la mzazi, na mlango unafunguka. Wanamwita daktari. Kila mara anawakatiza: "Mimi si daktari. Mimi ni wenu, nina begi tu."

Begi hilo lilitoka kwa serikali. Mwezi Septemba 2023 wahamasishaji 100,000 nchini Kenya walizinduliwa na kupewa vifaa: mashine ya kupima presha, kipimo cha sukari, kipimajoto, mizani, utepe wa kupima mkono wa mtoto, na simu yenye programu ya kurekodi kila ziara. Mhamasishaji mmoja anashika nyumba 100 hivi. Kabla ya hapo kazi hii ilikuwako kwa miaka mingi, ikifanywa na watu wale wale kwa daftari kubwa na kalamu, wakiitwa wa kujitolea.

Katika nyumba ya pili palikuwa na mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayekohoa. Mama mhamasishaji alikaa ukingoni mwa kitanda, simu akaiweka juu ya blanketi, programu ikaanza kuuliza. Anakohoa kwa siku ngapi? Ananyonya? Ametapika kila kitu? Kisha ikamtaka ahesabu pumzi kwa dakika moja nzima. Alimfunua mtoto fulana, akanyamaza, macho kwenye kifua. Kwa umri ule, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni dalili ya hatari ya nimonia. Mtoto wa miezi miwili hadi kumi na moja kiwango ni 50. Mtoto alipolia katikati, mama mhamasishaji aliacha kuhesabu, akambembeleza, akaanza upya. Hakukadiria. Hesabu haikufika 40. Akachukua utepe, akauzungusha kwenye mkono wa kushoto katikati ya bega na kiwiko. Chini ya sentimita 11.5 utepe unaonyesha nyekundu, na hapo mtoto anapelekwa hospitali upesi. Kutoka 11.5 hadi 12.5 ni njano. Huyu aliangukia njano.

Programu ilimpa hatua za kufuata: ushauri wa chakula, rufaa ya kwenda kituo cha afya, tarehe ya kurudi kumwona. Alizifuata zote. Kisha akauliza jambo ambalo simu haikuuliza: "Baba mtoto bado anaenda mjengo?" Mjengo ulikuwa umesimama. Sasa njano ile ilikuwa na sababu, na ushauri wa maziwa na mayai ukabadilika papo hapo ukawa ushauri wa uji wa unga uliochanganywa na omena na njugu zilizosagwa, vitu ambavyo mama yule angeweza kununua kwa kipimo kidogo. Wala hakumwambia habari za kituo cha afya na kumwachia. Alimwuliza atakwenda siku gani, na mtoto wake mkubwa atamwacha kwa nani.

Mimi, kama fundi, nilikuwa natazama kidole chake. Ndani ya vyumba vile mtandao haushiki. Programu haikujali, ilihifadhi kila kitu ndani ya simu, na tulipotoka barabarani ikatuma yenyewe. Mtu asiye wa fani anaweza kuona ni jambo dogo. Kwangu lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu ina maana kwamba aliyeandika programu ile alijua chumba hiki kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Mfumo huu wa Kenya umejengwa juu ya programu huria inayosimamiwa na Medic, shirika lililoanzia mwaka 2008 kwenye hospitali ya kijijini nchini Malawi, ambako wahudumu walipewa simu ili watume ujumbe mfupi badala ya kutembea maili nyingi kupeleka ripoti. Na kabla yake kulikuwa na Mosoriot, kule Nandi, ambako mwaka 2001 kituo cha afya kilianza kuweka kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta. Kutokana na jitihada ile ukaja mfumo wa OpenMRS, ambao leo unatumika katika nchi nyingi duniani. Vijana wetu wanaodhani teknolojia ya maana huzaliwa California tu wapelekwe Mosoriot.

Mashine ya presha ya mama mhamasishaji ilikuwa imechoka. Kitambaa kinachozungushwa mkononi kilikuwa hakishiki tena, akawa anakishikilia kwa vidole. Mpwa wangu akauliza, "Ikiharibika kabisa, nani anaitengeneza?" Mama akacheka kidogo, akasema anaazima ya mwenzake wa upande wa pili.

Posho ya mhamasishaji ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Gawanya kwa nyumba 100 upate shilingi 50 kwa nyumba kwa mwezi, kwa kazi ya kuhesabu pumzi za watoto, kufuatilia wajawazito na kuwakumbusha wenye sukari. Nimesikia mara nyingi watu wakisema kazi ya kusaidia watu ina malipo yake moyoni. Mama yule ana furaha na kazi yake, aliniambia hivyo mwenyewe na nilimwamini. Lakini kodi ya chumba chake hailipwi na furaha, na nchi inayotegemea macho yake kwenye kifua cha mtoto inapaswa kumlipa kama mfanyakazi.

Kesho yake tulikwenda Kibera. Kutoka Kawangware unashuka na barabara ya Naivasha hadi Dagoretti Corner, kisha unashika barabara ya Ngong, na barabara hiyo ina historia yake kwa anayefanya kazi kama yangu. Kwenye jengo la Bishop Magua, mwaka 2010, ilifunguliwa iHub, ukumbi ambao waandishi wa programu wa Nairobi walikutana bila kuwa na kampuni wala ofisi. Nyuma yake ilikuwapo Ushahidi, iliyozaliwa Januari 2008 wakati nchi ilipokuwa inaungua baada ya uchaguzi. Ory Okolloh alitoa wazo la ramani ambayo mwananchi angeweza kuripoti kwayo alichokiona, na Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia wakawa miongoni mwa walioifanya ikawa kitu. Watu zaidi ya 1,100 walikufa katika machafuko yale, na Kibera ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Mwaka huo huo wa 2010 wanawake wa Nairobi waliobobea katika programu walianzisha AkiraChix, kuwafundisha ufundi huo wasichana wanaotoka kwenye familia zisizojiweza. Mpwa wangu alipitisha macho kwenye majengo yale kupitia dirishani bila kusema neno. Nilimwambia majina hayo kwa sababu nilitaka ajue kwamba walioanzisha hawakuwa wageni peke yao, wala hawakuwa wanaume peke yao.

Kibera tuliingilia upande wa Olympic, tukateremka kuelekea Gatwekera. Njia ni nyembamba, mfereji katikati, mabati pande zote mbili, na kila baada ya hatua chache kuna biashara: mandazi, kinyozi, mama wa samaki wa kukaanga, fundi wa simu mwenye darubini ndogo juu ya jicho. Kibera ina vijiji vyake na wenyeji huvitaja kwa majina kama mtu atajavyo ndugu zake: Kianda, Soweto, Gatwekera, Kisumu Ndogo, Makina, Mashimoni, Lindi, Laini Saba, Silanga, Kambi Muru, Kichinjio na vinginevyo. Wanubi, wajukuu wa askari wa King's African Rifles, wamekuwapo hapa tangu mwanzo wa karne iliyopita; hati ya ardhi yao ya ekari 288 waliipata mwaka 2017.

Pamoja na umri huo wote, hadi mwaka 2009 Kibera haikuwamo kwenye ramani za kawaida. Ukifungua ramani ya Nairobi ungeona barabara za Langata na Woodley zimechorwa vizuri, na katikati doa tupu, kana kwamba hapakai mtu. Mwishoni mwa mwaka huo vijana 13, mmoja kwa kila kijiji, walipewa mafunzo na vifaa vidogo vya GPS chini ya mradi ulioitwa Map Kibera, ulioanzishwa na Mikel Maron na Erica Hagen. Walitembea kila kichochoro. Bomba la maji, nukta. Choo cha kulipia, nukta. Zahanati, msikiti, kanisa, shule, nukta. Jioni waliziingiza kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia ambayo yeyote anaweza kuichangia, na doa tupu likaanza kujaa.

Mwaka uliofuata yalitoka matokeo ya sensa ya 2009: watu 170,070. Kwa miaka mingi ilikuwa imesemwa kwamba Kibera ina watu milioni moja, hata zaidi, na namba hiyo ilitembea kwenye magazeti na maombi ya misaada bila kuulizwa. Wapo wanaobishana hadi leo. Ninachojua ni kwamba mtu asipohesabiwa na mwenyewe, atahesabiwa na mwenye haja naye, na kila mmoja atakuja na idadi inayomfaa.

Kijana aliyetutembeza anafanya kazi ya ramani. Anajua kutumia droni na anajua kuhariri picha za setilaiti, lakini alichotaka kutuonyesha ni karatasi. Ramani huchapishwa kubwa, hutandazwa mezani, juu yake huwekwa karatasi nyepesi inayopitisha mwanga, kisha wasichana wa mtaa hupewa kalamu za rangi. Wanachora wenyewe: hapa tunaogopa kupita jioni, hapa taa haiwaki, hapa kuna mama mwenye duka tunayeweza kukimbilia. Hayo hayaonekani kutoka angani. Kifaa cha GPS kitakuambia choo kiko mita ngapi kutoka mlangoni. Msichana atakuambia kama anathubutu kwenda huko saa mbili usiku.

Shule nazo zilichorwa hivyo hivyo, zaidi ya 300, nyingi zikiwa zile ndogo zilizoanzishwa na watu wa mtaa wenyewe ambazo hazikuwamo kwenye orodha za wizara. Mwezi Julai 2018, tingatinga zilipopita Kibera kufungua barabara ya kuunganisha Ngong na Langata, maelfu ya watu walipoteza nyumba, na shule pia zilibomolewa. Ramani haikuzuia tingatinga. Ila shule iliyobomolewa ilikuwa na jina na mahali pake panajulikana, na hakuna aliyeweza kusema kwamba pale hapakuwa na shule.

Wazo hilo halikukaa Nairobi. Mwaka 2011 Tandale, Dar es Salaam, ilichorwa na wanafunzi wa vyuo wakishirikiana na wakazi, na mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ukaenda mbali zaidi, kata kwa kata, kwa sababu ya mafuriko: mifereji iko wapi, maji hufika urefu gani kwenye ukuta wa nyumba. Mkazi hunyoosha mkono hadi kifuani au gotini, mchoraji anapima, namba inaingia kwenye ramani. Wakazi wa kando ya mto Ngong pale Kibera wangeielewa kazi hiyo bila kufafanuliwa, hasa baada ya mvua za Aprili 2024.

"Nani anakulipa?" mpwa wangu alimwuliza kijana. Ndilo swali alilomwuliza kila mtu, na nililipenda. Kijana alijibu bila kuona haya. Mradi ukiwapo analipwa na mradi. Mradi ukiisha anapiga picha za harusi na kufanya kazi za kukusanya takwimu kwa watafiti. "Shida," alisema, "ramani inaoza. Choo kinafungwa, shule inahama, bomba linakatwa. Mfadhili anataka kulipia kuchora. Kurudi kuangalia kama bado iko, hapo hakuna mtu."

Tangu siku hiyo maneno yake hayajanitoka, kwa sababu ndivyo ilivyo pia kwenye begi la mama wa Kawangware. Kununua mashine ya presha ni habari ya gazetini. Kuitengeneza kitambaa kikichakaa si habari ya mtu yeyote. Nikitazama kazi zote nilizoziona katika safari hii, ile yenye thamani kubwa ndiyo inayorudi: kurudi kumwona mtoto wa njano, kurudi kwenye bomba, kubaki na shosho mpaka laini yake irudi. Na hiyo ndiyo isiyo na bajeti.

Tulipita pia kwenye paa zenye vinasa mawimbi vya TunapandaNET, mtandao wa jamii unaounganisha shule na vituo vya vijana vya Kibera, ulioanzishwa na taasisi ya Tunapanda inayofundisha vijana teknolojia humo humo mtaani. Redio Pamoja FM, kwenye 99.9, imekuwa ikisikika Kibera tangu 2007. Kila mahali niliona vijana wenye ujuzi wa kutosha kuajiriwa katikati ya jiji, na baadhi yao wameajiriwa kweli.

Hapo lazima niseme jambo, kwa kuwa mpwa wangu ataletewa kazi hiyo pia. Nairobi imekuwa soko la kazi za kuchambua data na kuchuja maudhui kwa ajili ya kampuni kubwa za ng'ambo. Vijana wengi wanaofanya kazi hizo wanatoka mitaa kama hii. Wapo waliolipwa chini ya dola mbili kwa saa kutazama picha na kusoma maandishi ya ukatili siku nzima ili mashine zijifunze kuyatambua, na wakatoka wakiwa hawalali. Tarehe 1 Mei 2023 zaidi ya 150 kati yao walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama chao. Kazi yao inawalinda mamilioni ya watu wasioyaona yale. Kwa hiyo nayo ni teknolojia inayosaidia watu. Lakini wao wenyewe nani anawasaidia? Sitamwambia mtoto wa dada yangu kwamba kila kazi yenye skrini ni ukombozi.

Siku ya mwisho tulikwenda KMTC, chuo cha mafunzo ya utabibu na uuguzi kilichopo tangu 1927, jirani na Hospitali ya Kenyatta, mwendo mfupi tu kutoka Kibera. Nilikuwa nimepanga kumwonyesha kozi ya kumbukumbu na teknolojia ya habari za afya, stashahada ya miaka mitatu. Hapo ndipo wanapotoka watu wanaohakikisha kwamba faili la mgonjwa wa presha linaonekana mgonjwa anaporudi, na kwamba idadi zinazotoka mtaani zinafika wizarani zikiwa sahihi. Kenya inatumia mfumo wa takwimu za afya wa DHIS2 nchi nzima tangu 2011, na mfumo huo hauna maana kama anayeingiza namba hajui nyuma ya namba kuna nani. Nilidhani hiyo ndiyo kazi yake. Ana mkono wa kazi hiyo.

Yeye alisimama muda mrefu mbele ya kozi nyingine, uhandisi wa vifaa vya matibabu. Mashine za presha, za oksijeni, za kumpasha joto mtoto njiti. Akauliza fizikia inatakiwa alama gani. Akauliza kama wanafunzi hupelekwa vituo vidogo au hospitali kubwa peke yake. Akauliza, mbele ya mama wa mapokezi, kama kuna mtu anayefundishwa kutengeneza vile vifaa vya kwenye begi, vya wahamasishaji. Mama wa mapokezi alimtazama, akasema hilo swali hajawahi kuulizwa, ampe namba yake atamtafutia mwalimu wa kumjibu.

Tulipokuwa kwenye matatu kurudi Kawangware aliniambia ataomba kozi zote mbili, ya kumbukumbu na ya vifaa, na uuguzi ameuweka kando. Nilimwambia baba yake mkubwa atanikasirikia mimi. Akasema, "Mjomba, nitamweleza mwenyewe." Kisha akampigia simu yule mama mhamasishaji kuomba afuatane naye tena, safari hii ambebee begi na ajifunze programu. Mama alikataa kwa upole: habari za watu hazishikwi na yeyote tu, aende kwanza akamwone msimamizi wa kituo cha afya, aandike barua, asaini kwamba atatunza siri. Jumatatu atakwenda, kabla saiba haijafunguliwa.